Uchambuzi: Skrini mbili zilizobishana katika anga ya Ethiopia

Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari ET302, iliruka kutoka uwanja wa Bole mjini Addis Ababa saa 2 na dakika 38 asubuhi, Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, ikielekea Nairobi. Dakika 6 baadaye ilikuwa imejichimbia ardhini karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walipoteza maisha. Wakenya walikuwa 32, idadi iliyozidi ile ya raia wa nchi nyingine yoyote, na kwa sababu hiyo msiba uliotokea katika nchi jirani uliliwa matanga Kenya kama uliotokea nyumbani.

Mengi yamesemwa tangu siku ile kuhusu kampuni ya Boeing, kuhusu programu ya MCAS iliyokuwa ikikisukuma chini kichwa cha ndege, na kuhusu fidia. Jambo moja halikupewa nafasi ya kutosha, pengine kwa kuwa linaonekana kuwa la mafundi peke yao. Katika chumba kile cha marubani, rubani mkuu na msaidizi wake walikuwa wakitazama skrini mbili zilizowaeleza mambo mawili tofauti kuhusu ndege moja. Skrini ya kushoto ilisema ndege iko chini zaidi na inakwenda polepole zaidi kuliko ilivyosema ya kulia. Jinsi tofauti hiyo ilivyozaliwa ndiyo chimbuko la mvutano ambao hadi leo haujamalizika kati ya wachunguzi wa Addis Ababa, Washington na Paris.

Namba hutoka wapi

Ndege ya abiria haina njia ya moja kwa moja ya kujua kasi yake hewani wala urefu wake kutoka usawa wa bahari. Hukisia yote mawili kutokana na hewa inayoizunguka. Mbele, kandokando ya pua yake, hutokeza mirija myembamba iitwayo pitoti, ambayo hupokea hewa inayokuja kwa nguvu kadiri ndege inavyosonga. Ubavuni yamo matundu madogo ambayo hupima kani ya hewa iliyotulia, isiyosukumwa na mwendo. Tofauti kati ya kani hizi mbili ndiyo kasi. Kani ya hewa iliyotulia, ikichukuliwa peke yake, ndiyo urefu, kwa maana hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu.

Hesabu hizo hufanywa na kompyuta, kisha huletwa kwenye skrini kuu mbele ya kila rubani. Mpangilio wake ni mmoja karibu katika ndege zote za kisasa. Katikati upo mstari wa upeo wa macho, unaoonyesha kama ndege imeinama au imelala upande. Kushoto upo utepe wa kasi, unaopanda na kushuka kama mizani. Kulia upo utepe wa urefu, na pembeni yake alama inayoonyesha ndege inapanda au inateremka kwa kiasi gani. Rubani aliyezoea huutazama ukurasa huo mara moja na kupata picha nzima, kama vile mama sokoni anavyoutazama mzani na kujua kilo bila kuisoma kila namba.

Urefu nao una sharti lake. Kani ya hewa hubadilika kutokana na hali ya hewa, hivyo rubani hulazimika kuiambia kompyuta kani ya siku hiyo mahali hapo, namba anayopewa na waongozaji wa ndege kabla ya kuruka au kutua. Akishapanda juu ya kiwango fulani, marubani wote hutumia namba moja ya kawaida, hektopaskali 1013, ili ndege zinazopishana zipime kwa kipimo kimoja hata kama kipimo hicho si urefu halisi. Jambo la msingi angani ni kwamba wote wawe na kosa lilelile.

Wapo watakaouliza kwa nini, katika zama za setilaiti, ndege itegemee tundu na mrija ambavyo nyigu anaweza kuviziba. Jibu ni kwamba setilaiti hueleza ndege inakwenda kasi gani juu ya ardhi, ilhali bawa halijali ardhi. Linachohitaji ni hewa inayopita juu yake. Ndege yenye upepo mkali mgongoni inaweza kukimbia sana juu ya ardhi huku bawa lake likikaribia kukosa hewa ya kulibeba. Addis Ababa yenyewe ni mfano mzuri. Uwanja wa Bole uko takriban futi 7,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege inayoruka hapo husafiri kwa kasi halisi inayozidi namba ya kwenye skrini kwa zaidi ya asilimia 10. Rubani hufuata namba ya skrini, kwa kuwa ndiyo inayolihusu bawa.

Kipimo cha tatu

Mbali na mirija na matundu, kila upande wa pua ya Boeing 737 una kipande kidogo cha chuma mfano wa kibawa, ambacho hugeuka kufuata mkondo wa hewa. Kazi yake ni kupima pembe ambayo bawa linakutana na hewa. Pembe ikizidi mno, hewa hujitenga na bawa, na ndege huacha kubebwa. Kabla hali hiyo haijafika, kompyuta hutetemesha usukani kwa nguvu, onyo ambalo hata rubani aliyechoka hawezi kulikosa.

Hapa ndipo penye fundo la hadithi hii. Hewa inayopita kwenye matundu ya ubavuni haipiti sawasawa kila wakati. Ndege ikiinua pua, mkondo hubadilika na kipimo cha kani huingiwa na kosa dogo. Wahandisi waliliona hilo zamani, wakaifundisha kompyuta kulisahihisha kosa hilo kwa kutumia pembe inayotolewa na kile kibawa. Ni usahihishaji wa busara, mradi kibawa kiseme kweli. Kikisema uongo, kompyuta husahihisha kisichohitaji kusahihishwa, na uongo wa kipimo kimoja huingia katika kasi, huingia katika urefu, na huingia katika alama zinazomwelekeza rubani apandishe au ashushe pua. Rubani huona vyombo vinne vimeharibika, kumbe kilichoharibika ni kimoja.

Kwa mujibu wa ripoti ya awali iliyotangazwa na serikali ya Ethiopia tarehe 4 Aprili 2019, sekunde chache baada ya ndege kuacha ardhi, kibawa cha kushoto kiliruka hadi nyuzi 74.5. Cha kulia hakikuzidi nyuzi 15.3. Hakuna ndege ya abiria inayoweza kuruka kwa pembe ya nyuzi 74. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelicheka karatasi yenye jibu hilo. Kompyuta ya upande wa kushoto haikucheka. Usukani wa rubani mkuu ulianza kutetemeka na ukaendelea kutetemeka karibu hadi mwisho wa safari, na tangu dakika hiyo namba zake za kasi na urefu zikawa chini ya zile za msaidizi wake.

Onyo la polepole na onyo la haraka

Kilichofuata kinafahamika. Rubani mkuu alijaribu kuuwasha mfumo wa kuiongoza ndege wenyewe. Ulikataa mara mbili, ukakubali mara ya tatu kwa takriban nusu dakika, kisha ukajizima. Sekunde 5 baadaye MCAS, iliyoamini pembe ya kibawa cha kushoto, ikaanza kukiinamisha kichwa cha ndege. Marubani waliukata umeme wa mfumo wa mkia kama walivyokuwa wameelekezwa baada ya ajali ya Indonesia, wakajaribu kuuzungusha kwa mkono, wakashindwa. Wakati wote huo injini zilibaki katika nguvu ya kupaa, na ndege ikazidi kukimbia.

Ikapita kasi ya noti 340, takriban kilomita 630 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha ndege ya aina hiyo. Sasa mlio wa kuonya kuwa kasi imezidi ukaanza, kwanza kwa vipimo vya kulia na baadaye kwa vya kushoto. Tuitafakari hali hiyo kidogo. Usukani unatetemeka kumwambia rubani kuwa bawa linakaribia kukosa hewa, onyo ambalo kwa mafunzo yote maana yake ni shusha pua, ongeza kasi. Mlio unagonga kumwambia kasi imepita kiasi, yaani punguza nguvu, inua pua. Maonyo yote mawili yanatoka katika ndege moja, kwa wakati mmoja. Wanaosema kwa wepesi kwamba wafanyakazi wale wangepaswa kupunguza nguvu za injini wana hoja, na hoja hiyo imo katika maoni ya wachunguzi wa kigeni. Lakini ni hoja inayotolewa mezani, na mtu ambaye usukani wake haumtetemeki mkononi.

Namba za mwisho zilizonaswa na kinasa data zinasema zaidi ya maelezo yoyote. Upande wa kushoto ulionyesha kasi ya takriban noti 458, wa kulia 500. Upande wa kushoto ulirekodi urefu wa futi 5,419, wa kulia futi 8,399. Yaani vipimo vya rubani mkuu viliiweka ndege chini ya uwanja aliotoka kuruka, katika nyanda ambazo hazina bonde la kina hicho.

Mafunzo yanasema nini pale skrini zinapotofautiana? Kwa marubani wa 737 utaratibu wa kukariri ni mfupi. Zima mfumo wa kujiongoza, zima mfumo wa kuendesha nguvu za injini, zima alama za mwelekeo, kisha weka pua na nguvu katika viwango vinavyojulikana: nyuzi 10 na asilimia 80 ikiwa mabawa bado yametandazwa, nyuzi 4 na asilimia 75 yakishakunjwa. Kwa viwango hivyo ndege itaruka salama bila kujali utepe unasema nini. Baada ya hapo linganisha skrini mbili na kile chombo kidogo cha akiba kilicho katikati, chenye mrija wake chenyewe, na uamini wawili wanaokubaliana.

Utaratibu huo si nadharia tupu. Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ya Indonesia iliyokuwa ikitoka Denpasar kwenda Jakarta ilipatwa na hitilafu ya aina hiihii. Rubani mkuu alilinganisha na chombo cha akiba, akatambua kuwa skrini yake ndiyo mbovu, akamkabidhi msaidizi wake usukani. Ndani ya chumba alikuwapo pia rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri tu. Walifika salama. Asubuhi iliyofuata ndege hiyohiyo, kibawa chake kikiwa bado kina kosa la nyuzi 21, ilitumbukia katika Bahari ya Java na kuua watu 189. Tofauti kati ya usiku ule na asubuhi ile ilikuwa jozi moja zaidi ya macho.

Msaidizi wa rubani katika ET302 alikuwa na saa 361 za kuruka kwa jumla. Skrini yake ndiyo iliyokuwa sahihi.

Taa ambayo haikuwaka

Ndege za MAX zilipaswa kuwa na tangazo kwenye skrini linalowaambia marubani kuwa vibawa viwili havikubaliani, pindi tofauti inapozidi nyuzi 10 kwa zaidi ya sekunde 10. Boeing ilikuja kueleza hadharani Mei 2019 kwamba tangazo hilo lilifanya kazi tu katika ndege ambazo mteja alikuwa amenunua kipimo cha ziada cha kuonyesha pembe. Mashirika mengi hayakukinunua. Wahandisi wa kampuni walilitambua kosa hilo la programu mwaka 2017, muda mfupi baada ya ndege za kwanza kuanza kukabidhiwa, na uamuzi ukawa kulirekebisha baadaye, pamoja na mabadiliko mengine. Wateja hawakuambiwa hadi baada ya ajali ya Indonesia.

Boeing ilishikilia kwamba tangazo hilo halikuwa la lazima kwa usalama. Ni vigumu kuikubali kauli hiyo kwa ukamilifu wake. Ni kweli taa peke yake isingeizima MCAS. Lakini marubani waliokuwa wakihangaika kutafuta kwa nini kasi, urefu na usukani vyote vimeharibika kwa pamoja wangepewa jina la ugonjwa mmoja badala ya orodha ya dalili.

Ndege kiumbe, au waya

Kwa nini kibawa cha kushoto kiliharibika? Hapa ndipo mataifa yalipoachana. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, iliyotolewa tarehe 23 Desemba 2022, inaelekeza kidole kwenye hitilafu za umeme na elektroniki ambazo, kwa maelezo yake, zilikuwamo tangu ndege ilipotoka kiwandani. Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilijibu kuwa data inaonyesha kibawa kiligongwa na kitu, yumkini ndege kiumbe, mara tu baada ya kuruka. Ikalalamika pia kwamba maoni yake hayakuambatanishwa kwenye ripoti kama kanuni za kimataifa zinavyotaka, ikaamua kuyachapisha yenyewe. Wachunguzi wa Ufaransa, ambao ndio waliosoma vinasa data mjini Paris, nao walichapisha maoni yao Januari 2023, wakisema utendaji wa marubani haukuchambuliwa vya kutosha.

Kila upande una kitu cha kulinda. Ethiopia ina shirika la ndege ambalo ni fahari ya taifa na chuo cha marubani kinachofundisha Waafrika wengi. Marekani ina kiwanda. Akili ya kawaida ingesema tusubiri ajulikane nani mkweli. Kwa maoni ya mwandishi huyu, swali la ndege au waya ni dogo kuliko linavyofanywa. Ndege viumbe hugonga ndege kila siku duniani, na nyaya hukatika. Chombo kilicho nje ya ndege, kwenye mvua, barafu na vumbi, kitaharibika siku moja, iwe kwa sababu hii au ile. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini kuharibika kwake kuliachwa kuenee hadi kwenye kila namba aliyokuwa akiitegemea rubani, na hadi kwenye mkia wa ndege.

Historia imejaa onyo hilo. Februari 1996, ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata na kuua watu 189 baada ya mrija mmoja wa pitoti kuziba, wachunguzi wakishuku kiota cha mdudu. Oktoba mwaka huohuo, ndege ya Aeroperú ilianguka baharini na watu 70 kwa sababu matundu ya ubavuni yalikuwa yamezibwa kwa utepe wa gundi wakati wa kuioshwa na hakuna aliyeubandua. Juni 2009, barafu iliiziba mirija ya ndege ya Air France juu ya Atlantiki. Watu 228 walikufa. Na mwaka 2020, ndege zilizoegeshwa kwa miezi kutokana na korona zilipoanza kurudi kazini, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilitahadharisha kuwa matukio ya kasi isiyoaminika yalikuwa yakiongezeka, kwa kuwa wadudu walikuwa wamefanya makao ndani ya mirija.

Kenya ina kumbukumbu yake ya upande wa pili. Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka nje ya Douala, Kamerun, na kuua watu 114. Ililala upande wa kulia polepole gizani baada ya kuruka huku mfumo wa kujiongoza ukiwa haujawashwa. Siku hiyo skrini zilisema kweli, ila hazikutazamwa kwa wakati. Ukizilinganisha ajali hizi mbili, unaona ugumu wa kazi ya rubani: anatakiwa aamini skrini kuliko mwili wake, na papo hapo awe tayari kuitilia shaka.

Kilichobadilika, na kilichobaki

Mamlaka ya Marekani iliziruhusu MAX kurudi angani Novemba 2020. Programu mpya hulinganisha vibawa vyote viwili; vikitofautiana, MCAS hunyamaza. Tangazo la kutokubaliana limewashwa katika ndege zote. Shirika la Ethiopia lilirudisha MAX zake kazini tarehe 1 Februari 2022. Hata hivyo vibawa viwili haviwezi kupiga kura. Vikipingana, kompyuta hujua kuna mwongo lakini haimjui ni nani. Ndiyo maana wadhibiti wa Ulaya na Kanada walidai chanzo cha tatu, pembe inayokokotolewa kutokana na vipimo vingine, na Bunge la Marekani likaingiza sharti hilo katika sheria ya Desemba 2022, pamoja na njia ya marubani kunyamazisha mtetemo wa usukani na mlio wa kasi vikiwa ni vya uongo. Lakini sheria hiyohiyo iliufunga muda wa ndege zilizokwisha kuuzwa na kuidhinishwa kwa toleo la MAX 10, na miaka 3 baada ya hapo. Kila mwezi idhini hiyo inapochelewa, mwisho wa muda nao husogea mbele.

Mahakamani, Boeing ilikubali mwaka 2021 kuwajibika kwa fidia ya waathiriwa wa ET302. Kesi ya jinai huko Texas ilipita katika makubaliano ya dola bilioni 2.5 mwaka 2021, ikafufuliwa, na makubaliano ya kukiri kosa yakakataliwa na jaji Desemba 2024. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliomba ifutwe, na mwezi Novemba jaji akaridhia, pamoja na pingamizi za familia, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Mamlaka za Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali zina jambo ambalo halihitaji kungoja mahakama ya Texas. Mashirika ya kanda hii hununua na kukodi ndege zilizotengenezwa kwingine, na katika orodha ya ununuzi baadhi ya vipimo huandikwa kuwa ni vya hiari. Wanaosaini mikataba hiyo wanaweza kuuliza, kabla ya bei, ni vyombo vingapi vya skrini ya rubani vinavyotegemea kihisi kimoja.